Uso wa Baba yake Miss Lottie

Kashindi alikufa Houston, katika fleti yake ya Alief, na habari ilinifikia kwa kuchelewa, kwa ujumbe wa sauti wa mtu nisiyemjua, kwa Kiswahili cha Kongo, chenye "njo" mahali pa "ndiye". "Dada Rukia, njo mimi Etienne, mukubwa wake Kashindi. Ndugu yetu ametuacha. Tafazali uje." Nilikuwa nimekaa garini nje ya hospitali ya Fort Worth ninakofanya kazi ya ukalimani, nakula mkate, na nikaendelea kuula mpaka ukaisha kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini. Kisha nikaendesha gari hadi Houston. Matanga yalikuwa sebuleni: viti vya plastiki vya kuazima kanisani, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, jikoni, kina mama wakiimba kwa sauti ya chini, watoto wakijibu Kiingereza kila walipoulizwa kitu kwa Kiswahili. Mezani, mahali pa picha ya marehemu, walikuwa wameweka nakala iliyokuzwa ya leseni yake ya udereva. Hawakupata nyingine. Etienne alikuwa ameletwa Amerika juzijuzi tu kutoka kambini Tanzania, na Kiingereza chake bado kilikuwa cha "yes" na "thank you". Alinivuta pembeni, karibu na friji. "Dada, kule Uvira ndugu yangu alichora maduka yote. Saloni, bar, farmasi, njo yeye. Nafika huku, mu nyumba hamuna hata brosi moja. Ni nini ilimufikia?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa pia na picha kwenye mkoba, niliyokuja nayo nikidhani itafaa kuwekwa mezani, lakini sikuitoa kwanza. Nikamwambia tuketi. Nayaandika hapa kwa urefu kuliko nilivyoweza kuyasema siku ile, katikati ya nyimbo na watu wanaopita wakitaka barafu.

Mwaka nilipokutana na Kashindi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa sanaa aliyechoshwa na kuchora matofaa kwenye bakuli. Mzee mmoja wa Kizungu, Bwana Hollis, fundi wa kukarabati michoro ya kale, alikuja chuoni kutafuta mikono yenye subira, akanipata mimi. Kashindi alipatikana naye kanisani, Haltom City, ambako ukuta wa nyuma ya mimbari ulikuwa na mto Yordani aliouchora Kashindi, wenye viboko. Nilipomuuliza viboko wametoka wapi, alinishangaa. Mto bila viboko ni mto gani? Kazi yetu ilikuwa katika posta ya zamani ya mji mdogo, mwendo usiofika saa moja kutoka Fort Worth. Juu ya mlango wa ofisi ya bwana posta palikuwa na mchoro mrefu wa enzi za ule mdororo wa uchumi wa miaka ya thelathini ambao wazee wa huku wakiutaja hushusha sauti. Kazi zilikuwa zimekwisha nchi nzima, watu wakipanga foleni ya supu, na serikali ikaona iwalipe hata wachoraji, wapake kuta za posta na mahakama picha za wenyeji wakiwa kazini. Aliyepewa ukuta huu alikuwa kijana wa Texas, wa pande hizohizo. Ilimbidi kwanza apeleke kielelezo kidogo cha karatasi kwa wakubwa, wakikague, wakipitishe, ndipo apande ngazi. Alichora shamba la pamba, treni kwa mbali, mzungu juu ya farasi, na watu weusi wakivuna wameinama, kofia zimewafunika nyuso. Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amesimama wima, gunia begani, anatutazama. Au ndivyo tulivyoambiwa, maana moshi wa sigara wa miaka na miaka ulikuwa umeushika mchoro wote, na chini ya kofia yake palionekana weusi mtupu.

Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizoishi. Madirisha yalikuwa juu sana, hata mwanga ulifika sakafuni umechoka. Vizuizi vya shaba vya makarani wa zamani bado vilikuwepo, na bomba la kupasha joto lilikuwa likinguruma kila baada ya muda likatushtua. Sisi tulikaa juu ya jukwaa la mbao, pua karibu na ukuta. Unakunja pamba kwenye kijiti, unachovya dawa, unaizungusha juu ya mchoro bila kusugua. Ikishageuka rangi ya chai unaitupa na kukunja nyingine. Siku nzima ni hivyo. Dawa ile iliniingia mpaka kwenye nywele, na mpaka leo nikisikia harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha narudi juu ya lile jukwaa. Bwana Hollis alizunguka chini, mikono nyuma, akisema neno lake moja: taratibu. Mchana tulikula hukohuko juu, miguu inaning'inia. Kashindi alileta sombe na ugali wa muhogo kwenye kopo la siagi, mimi mahamri na mbaazi, tukabadilishana. Alinicheka Kiswahili changu cha Mombasa. "Weye unasema sawa redio," aliniambia. Nami nikamwambia yeye anasema kama mtu anayeteremsha magunia. Nilimsimulia jinsi mama yangu alivyokuwa akinifokea nikichora watu pembezoni mwa daftari, kwamba siku ya kiyama nitaambiwa nizitie roho picha zangu, na nitaweza wapi. Kashindi alitafuna, akafikiri. "Bon," akasema, "mi nitajaribu." Tukacheka hadi Bwana Hollis akainua kichwa.

Kila Jumatano alikuja Miss Lottie. Alikuwa mama mtu mzima wa watu weusi wa huku Texas, mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye miwani minene na kofia tofauti kila wiki. Alileta pai ya viazi vitamu, akaweka kiti chake katikati ya chumba, akatazama juu. Mtu aliyesimama wima pale ukutani alikuwa baba yake, Ezra. Miss Lottie alikuwa mtoto mdogo mchoraji alipofika shambani kwao kumsimamisha baba na gunia lake. Wakubwa walikuwa wamepitisha kielelezo ambacho Ezra naye amefunikwa uso na kivuli cha kofia, sawa na wenzake, na kazi ikakaguliwa hivyo. Ila wakubwa walipokwenda zao, yule kijana alirudi peke yake na kikopo cha rangi ya kahawia, akamfungua Ezra macho. "Baba alikuwa akija kununua stempu," Miss Lottie alituambia, "na hakuwa na mtu wa kumwandikia. Alikuja kujitazama." Nyumba yao iliungua baadaye na kila kilichokuwamo, picha nyingine ya Ezra haikuwepo duniani. Miss Lottie alikuwa amewasumbua watu wa mji miaka mingi wausafishe ukuta, na sasa macho yake yenyewe yalikuwa yanapoteza nuru. Alitaka amwone baba yake kabla hayajafungika. Hakutaka kitu kingine, na alilisema hilo waziwazi huku akitukatia pai.

Kashindi alinifanya nimtafsirie kila neno. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na mimi nilikuwa naifanya bure, bila kujua, kazi itakayokuja kunilisha. "Muulize," aliniambia siku moja, "kama anamukumbuka kweli papa yake, ao ni ukuta njo anakumbuka." Niliona ni swali la ukorofi, nikalilainisha. Miss Lottie hakulainika. Alijibu kwamba hajui tena, kwamba akifumba macho anaona kofia. Kashindi alirudi kwenye kijiti chake, akafanya kazi mpaka jioni.

Kulikuwa na mabibi wawili wa kamati ya mji waliopita mara kwa mara, viatu vyao vikigonga marumaru. Walidhani watu wa juu ya jukwaa hawasikii, au hawajui lugha. "Ni picha nzuri," mmoja alisema, "mradi usiitazame sana." Mwenzake akauliza kwani kulikuwa na haja gani kuisafisha, ilipokuwa na giza ilikuwa haimsumbui mtu. Nilitaka kumdondoshea pamba chafu kichwani. Najuta kidogo kwamba sikumdondoshea.

Ilitokea Jumanne. Bwana Hollis alikuwa amekwenda Dallas kununua dawa, mimi niko chini nakunja pamba za kesho. Kwa majuma Kashindi alikuwa amesafisha farasi, na chini ya kahawia akatoka farasi mwekundu. Akasafisha uso wa mzungu, na chini ya kahawia yakatoka mashavu ya waridi, hata mikunjo ya jua pembeni mwa macho. Akasafisha pamba, ikatoka nyeupe ya kuumiza macho. Kila alipoukuta weusi ulikuwa uchafu, na chini yake palikuwa na kitu kizuri kinangoja. Basi akafika kwa Ezra, akachovya, akazungusha. Kahawia ikaja kwenye pamba. Akakunja nyingine. Ikaja zaidi, ikaja vizuri, naye akaifuata akitafuta macho. Niliposikia amenyamaza nikapanda. Chini ya ukingo wa kofia palikuwa na rangi ya mchanga mkavu, safi, laini, hapana jicho wala pua. Kashindi alikuwa ameshika kijiti hewani. "Mi nilijua ni moshi, dada," alisema. "Kila fasi nyeusi ilikuwa buchafu. Mi nilijua na hii ni buchafu." Nilitazama mkono wake ulioshika kijiti, na wangu ulioshika ubao wa jukwaa. Majuma yote yale ukuta ule ulikuwa umetufundisha, sisi wawili, watoto wa watu weusi, kwamba weusi ni wa kufutwa. Tena fundisho lenyewe lilituingia bila tabu. Nalisema hili na hasira yangu bado haijapoa.

Bwana Hollis aliporudi alikaa sakafuni na koti lake. Alitueleza kwa upole uliozidi kutuumiza. Yule kijana wa zamani aliporudi kwa siri, mchoro ulikuwa umekwisha kupakwa vanishi. Uso wa mzungu ulikuwa chini ya vanishi, matabaka kwa matabaka. Uso wa Ezra ulikaa juu ya vanishi, rangi nyepesi ya alasiri moja, na vanishi ikiondoka nao unaondoka. Alisema kosa ni lake, alipaswa kujaribu kwanza kwenye pembe. Kashindi hakukubali kugawana. Kesho yake, Jumatano, Miss Lottie alikuja na pai yake. Akaketi, akainua uso, akavua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena. "Yuko wapi?" akauliza. Kashindi hakuhitaji nimtafsirie. Alishuka kwenye jukwaa, akapiga magoti mbele yake, akaangalia sakafu. Yule mama alikaa na pai mapajani mpaka ikapoa.

Ni yeye aliyesema uchorwe uso mwingine. Bwana Hollis alikataa: fundi habuni, bila picha hachori, pale pabaki na kivuli. "Uso ninao," Miss Lottie akamwambia. "Watu wote walisema nimefanana naye. Chukueni huu." Nani angemkatalia? Bwana Hollis alitoa rangi za ukarabati, ambazo hutengenezwa makusudi ziweze kutoka kwa pamba iliyolowa, ili fundi wa kesho asahihishe la leo. Miss Lottie akaketi karibu na jukwaa, mchana baada ya mchana, nami katikati nikitafsiri. Sikio la kushoto limesimama nje. Jicho moja dogo kuliko jingine. Hapana, si hivyo, mdomo ulikuwa mpana. Mwanzoni Kashindi alimtazama kila mara. Siku za mwisho niliona hamtazami tena. Alichora haraka, ulimi katikati ya meno, na nilipomsemesha hakuitika. Niliona ni aibu inayomfanya akimbize kazi.

Alipomaliza, nilipiga picha: Kashindi juu ya jukwaa, hacheki, na ule uso nyuma ya bega lake. Bwana Hollis akamshika Miss Lottie mkono, akampandisha ngazi chache amwone kwa karibu. Alitazama akiwa amekunja paji. Ulikuwa uso hai kabisa. Mtu mwembamba, mashavu yaliyoingia ndani, macho ya mtu anayesikiliza kitu nje ya nyumba. "Ni mtu mzuri," alisema hatimaye. "Ningependa kumjua. Lakini si wangu." Akamshukuru Kashindi, akamgusa shavu, akashuka. Jumatano iliyofuata kiti chake kilikaa kitupu, na iliyofuata pia. Kabla mwaka haujaisha mtu wa mji alituambia, huku akitafuta funguo zake, kwamba yule mama haoni kabisa sasa. Kashindi aliosha brashi zote, hata zisizokuwa zake, akazipanga juu ya gazeti, akaondoka. Alihamia Houston, akaendesha magari ya mizigo. Kina mama wa matanga waliniambia kwamba mwanawe alipoleta ramani ya shule ipakwe rangi ya bahari, alimwambia amwombe mama yake.

Hayo ndiyo niliyomwambia Etienne, nikafungua mkoba, nikampa ile picha. Alimwangalia ndugu yake kidogo tu. Kisha akaisogeza dirishani. "Huyu wa nyuma ni nani?"

"Ni yule wa kwenye mchoro. Wa kubuni."

"Dada, huyu ni papa."

Nikadhani anamwita papa jinsi wanavyomwita mzee yeyote. Akaweka kidole chini ya ule uso mdogo, asiufunike. "Papa yetu. Papa muzazi. Walikuja kumukamata nyumbani, saa ya chakula, hatukumuona tena. Kaburi hamuna, foto hamuna. Kashindi alikuwa mutoto kabisa. Mi nilijua alishamusahau." Alianza kulia bila sauti, mdomo wazi. Bega la Kashindi lilikuwa limeficha nusu ya uso, sikio zima na jicho moja. "Pale kwa ukuta," aliniuliza, "yuko muzima?"

"Yuko mzima."

"Unipeleke."

Nilimpeleka. Tulizika Jumamosi, na Jumatatu tukashika barabara ya kaskazini, Etienne na suti ileile ya maziko, picha mkononi, simu mpya ya mwanawe mfukoni kwa ajili ya kupiga picha kubwa. Njia nzima aliongea. Ataikuza, ataiweka mezani Alief badala ya leseni, nyingine atawapelekea dada zake walioko kambini. Atawaonyesha wajukuu, hata wakijibu Kiingereza. Alinikumbusha wagonjwa ninaowatafsiria, wanavyoongea mno wakingoja majibu ya vipimo. Mimi nilikuwa nafikiria kwamba kumbe Miss Lottie aliposema si wake alisema kweli tupu, na kwamba Kashindi alimsikia akiisema, na asingeweza kumweleza mtu yeyote kwa lugha yoyote kwa nini hakuweza kumrudishia baba yake. Alikaa na hilo Alief miaka yote, na mimi sikupiga simu.

Posta ile sasa ni ofisi ya kukaribisha wageni wa mji. Binti mmoja mchangamfu alitukabidhi vijikaratasi vya matangazo na kutuelekeza juu ya mlango. Farasi alikuwa mwekundu, pamba nyeupe, mashavu ya mzungu ya waridi. Ezra alikuwa amesimama wima na gunia lake, na chini ya kofia kilikuwa kivuli, kivuli kizuri, kimepakwa kwa ustadi, kama cha wenzake wote. Etienne alisogea mbele, akarudi nyuma, akahamia upande wa dirisha, akidhani ni mwanga. Binti yule aliona tunavutiwa, akaja kutueleza. Alisema mchoro umekarabatiwa upya hivi karibuni. Alisema hapo zamani mfanyakazi mmoja aliongeza uso ambao haumo kwenye kielelezo kilichopitishwa na serikali, uso wa mtu asiyejulikana, lakini kwa bahati njema rangi yake ilitoka kirahisi kabisa, kwa pamba tu, na sasa ukuta uko jinsi ulivyokusudiwa.

"Anasema nini?" Etienne akaniuliza. Simu ilikuwa tayari mkononi mwake, imeelekezwa juu.

Kazini kwetu kuna sheria moja iliyo juu ya zote: mkalimani hapunguzi neno. Nimeshawaambia wazazi neno la daktari bila kulipunguza, wakiwa wamenishika mkono. Sikuwahi kuivunja.

"Anasema wamesafisha," nikamwambia.